Sauti ya Dada Ndani ya Birika

Kabla sijajua kwamba kuna mashine inayoweza kuweka sauti ya mtu, mimi na dada yangu, wasichana wawili, tulikuwa tukiamia ndege wasile mpunga wa baba, kwenye bonde lililo nyuma ya Tingi. Yeye alikaa juu ya jukwaa la miti, dungu la juu, mimi dungu la chini, na mpunga katikati yetu. Sauti yake ilikuwa nzito na pana, yangu nyembamba kama ya kifaranga. Ndege walimwogopa yeye. Jua likikaza tulianza kuimbiana ili usingizi usitushike: yeye anaanzisha mstari, mimi naumalizia, na hivyo ndivyo tulivyotunga nyimbo zetu za kwanza. Nyumbani tulisema Kimatumbi, lakini nyimbo alizitaka ziwe za Kiswahili. Alisema Kiswahili kina mahali pa kupumzikia mwisho wa kila mstari.

Uhuru ulipokuja nilikuwa bado mtoto. Dada alikuwa msichana mkubwa, akachaguliwa kuwa miongoni mwa waimbaji wa uwanjani. Katika mazoezi mzee mmoja wa chama alimwomba asogee nyuma kwa sababu alikuwa anawafunika wenzake. Akasogea, bado akawafunika. Akaambiwa asogee tena, mpaka akawa anaimba amesimama kwenye majani nje ya mstari, na bado yeye ndiye aliyesikika. Aliporudi nyumbani alimsimulia mama huku akicheka. Maisha yake yote, popote tulipoimba, hakukosekana mtu wa kumwambia asogee nyuma.

Aliolewa na mpiga gita wa kijiji cha jirani, mtu wa maneno machache aliyewahi kufanya kazi bandarini Lindi na kurudi na gita lenye ufa uliozibwa kwa lami. Shemeji yangu huyo, dada, mimi, wapiga ngoma wawili na mama mmoja wa kayamba, tukawa kikundi. Siasa ya ujamaa ilikuwa imeanza kuhubiriwa na kila mkutano ulihitaji nyimbo. Tuliimba za jembe na za kujitegemea, kisha watu wakishachoka kukaa, tuliimba zetu.

Siku moja lilikuja gari la elimu ya watu wazima kutoka Lindi, likiwa na mashine ya kunasa sauti. Ilikuwa nzito kama sanduku la bibi harusi, na juu yake magurudumu mawili ya tepu yaliyozunguka polepole. Walitaka nyimbo za kuchangamsha madarasa ya kusoma na kuandika. Wakatuingiza katika darasa la shule, sakafu ya saruji na paa la bati, wakaweka kipaza sauti kimoja juu ya dawati. Kijana aliyekuja na mashine alivaa visikilizio masikioni na kutupanga kwa mkono, kama mtu anayepanga mizigo kwenye lori. Mimi aliniweka karibu. Shemeji pembeni yangu. Ngoma kwenye kona. Dada alimrudisha hatua kwa hatua mpaka mlangoni, akasimama mguu mmoja ndani na mmoja barazani, mkono ameuweka tumboni, kwa kuwa alikuwa na mimba iliyokwisha kuonekana.

Tuliimba wimbo wake wa mpunga. Ulianza hivi:

Mpunga umeinama, ndege wameshaujua,
Sauti imenikwama, nani atawazuia?

Tulipomaliza, yule kijana akarudisha tepu nyuma na kutusikilizisha. Hatukuwa tumewahi kusikia sauti zetu zikitoka mahali pengine. Wapiga ngoma walishikana mabega. Mama wa kayamba alijifunika uso kwa kanga. Sauti yangu ilikuwa pale mbele, ikichoma, na ya dada ilikuwa mbali nyuma ya kila kitu, kama ya mtu anayeita kutoka ng'ambo ya bonde. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mbona mimi sipo?" akauliza.

"Upo mlangoni," shemeji akamjibu, na sote tukacheka, na yeye pia.

Masika yaliyofuata uchungu ulimshika mapema. Barabara ya kwenda hospitali ya Kivinje ilikuwa imekatika, wanaume wakambeba kwenye kitanda kupitia vichakani. Alijifungua njiani, katika kibanda cha watu tusiowajua, mtoto wa kike aliyelia mara moja na kwa nguvu. Dada hakufika Kivinje. Tulimrudisha kwa kitanda kile kile na kumzika kijijini kwetu, kando ya baba aliyemtangulia, chini ya mikorosho.

Halafu ukaja uhamisho. Amri ilikuja tuhamie kijiji kipya cha ujamaa karibu na barabara kuu, kwenye shule, zahanati na bomba. Watu walibeba milango na mitungi. Makaburi hayabebeki. Kijiji chetu kikawa mahame, nyasi zikaingia vyumbani, korosho zikaanguka bila wa kuziokota. Mama alikuwa akitembea asubuhi nzima kwenda kupalilia kaburi la dada na la baba, akirudi na magugu yamemganda kwenye kanga, bila kusema neno. Watu waliokwenda kutafuta kuni walisema wamesikia mwanamke akiimba kule. Mama alipoulizwa kama naye amesikia, alijibu kwamba yeye huenda kule kwa sababu ya kimya.

Mimi nilipelekwa kwenye mafunzo, kisha nikapangiwa kazi Kivinje kufundisha watu wazima kusoma. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja katika nyumba ya zamani ya mawe, na ndani ya sanduku la bati zilikuwa tepu zilizokusanywa vijijini, pamoja na mashine yenyewe, ambayo sasa ilikuwa kuukuu na tumeachiwa sisi. Nilijua tepu yetu imo. Niliikuta siku ya kwanza, nikaiona imeandikwa jina la kijiji ambacho hakikuwepo tena, nikafunika sanduku. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu. Nikifundisha darasani, sanduku likiwa nyuma ya mgongo wangu, nilihisi kama kuna mtu anayesubiri nimalize ili naye aseme.

Aliyenilazimisha kulifungua ni mke wa pili wa shemeji. Shemeji alikuwa ameoa tena, mwanamke mtulivu wa Milola, ndiye aliyemlea mtoto wa dada tangu hajaota meno. Alikuja Kivinje kumpeleka mtoto hospitali kwa homa, akapita ofisini kunisalimu. Mtoto alikuwa amelala begani kwake. Tukazungumza habari za nyumbani.

"Ananiuliza mama yake alikuwa na sauti gani," akasema. "Watoto wenzake wamemwambia mama yako alikuwa mwimbaji. Mimi sikumkuta. Baba yake hajibu, na gita amelitundika darini. Nimjibu nini?"

Nilimwambia ipo tepu. Akaniangalia kwa namna ambayo siwezi kuisahau, kwa kuwa haikuwa na wivu hata chembe. Aliniomba tu nimwite itakapokuwa tayari.

Nilidhani kuwa tayari ni kuiweka kwenye mashine na kubonyeza. Siku ile ile, wanafunzi wangu walipoondoka, nikafanya hivyo. Kwanza mvumo, kisha, kabla wimbo haujaanza, nikasikia sauti ndogo sana ya dada ikiimba mstari wa kwanza, kama mtu aliye chini ya maji. Pakawa kimya. Halafu wimbo wenyewe ukaanza na akaimba mstari ule ule, mlangoni, mbali. Nilizima. Nilipopata moyo wa kuendelea, beti mbili zilipita salama, na pale ubeti wa tatu ulipotakiwa kuanza, sauti ya mwanamume ikaingia ikieleza namna ya kuchimba choo cha shimo. Tepu zilikuwa adimu. Mtu fulani, mahali fulani, alihitaji nafasi ya somo, akanasa juu ya dada yangu.

Kivinje alikuwepo fundi redio, mzee wa Kihindi ambaye babu yake alizaliwa pale pale, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa pwani kuliko changu. Ndugu zake wengi walikuwa wameondoka, wengine Dar es Salaam, wengine mbali zaidi. Yeye alibaki katika nyumba kubwa ya mawe, duka mbele, vyumba vitupu nyuma. Nilimpelekea tepu nikiwa nimeifunga kwa leso.

Aliisikiliza yote bila kuinua kichwa. Nilimwuliza kuhusu ile sauti inayotangulia. Akanieleza kwamba tepu ikikaa miaka imejiviringisha, kila zunguko limelalia jingine, na sauti kubwa huambukiza iliyo jirani yake. Kwa hiyo ukiicheza, kivuli kinafika kabla ya mwenyewe.

"Si jini, mwalimu," akasema. "Lakini ukiniuliza kama nitaweza kukitoa, siwezi."

Nilimwambia ninachotaka: dada asogee mbele, na wimbo uwe na mwisho. Akasema la kwanza ni gumu na la pili ni langu. Kisha akasema atanifundisha, lakini hatanifanyia. Yeye hakumjua marehemu, hivyo hatajua lini sauti imefika kuwa yake.

Ndipo nikaanza kujifunza. Fundi alikuwa na mashine yake mwenyewe, na kisanduku alichokiunda kwa mabaki ya redio, chenye vifundo vya kuzungusha. Sauti ilitoka mashine ya ofisi, ikapita kwenye kisanduku, ikaingia kwenye tepu mpya katika mashine yake. Umeme wetu ulikuwa betri ya gari. Alinionyesha kifundo cha sauti nzito na cha sauti nyembamba, na jinsi sindano ya kupimia inavyoruka sauti ikizidi. Nilipoinua sauti nzito dada alisogea, kweli, lakini ngoma nazo zilikuja mbio na kumkanyaga. Nilipopunguza sauti nyembamba, mimi nilirudi nyuma na gita likazibwa kama limefunikwa na blanketi. Kila nilichokivuta kilikuja na majirani zake. Nikimwinua dada, nainua pia jogoo wa mwalimu mkuu akiwika nje, kiatu cha mtu barazani, na pumzi ya dada mwenyewe. Pumzi ndiyo iliyonitesa. Siku ile darasani hakuna aliyeisikia. Sasa niliisikia kabla ya kila mstari, fupi, ya mwanamke mwenye mimba anayejitahidi asionekane kwamba amechoka.

Fundi hakunihurumia. Alinitoa kwenye spika kubwa na kunifanya nisikilize kwa redio ndogo yenye spika iliyopasuka, kwa sababu ndiyo watu waliyo nayo majumbani. Alinipeleka jikoni kwake, akaniambia nisikilize huku napepeta mchele. Kama maneno hayafiki jikoni, hayajafika. Alinikataza kukiacha kifundo mahali pamoja. Dada akianzisha mstari peke yake, nimpandishe. Mimi na ngoma tukiingia, nimshushe kidogo asije akapiga kelele, halafu nimpokee tena. Ilinibidi niujue wimbo upya, kwa vidole. Niliharibu mara nyingi. Tepu ilipokatika aliikata vizuri kwa wembe na kuiunga kwa karatasi ya gundi, akanionya kwamba kila ninaponakili nakala, mchakacho unaongezeka, kama mvua inayokaribia. Kwa hiyo nisinakili ovyo. Kila jaribio lianzie kwenye tepu ya kwanza.

Wiki zilipita hivyo, mchana baada ya masomo. Mtaani walinizoea nikipita na mashine kwenye toroli. Na nilianza kumwota dada, si usiku tu. Nikiandika ubaoni nilisikia ile pumzi fupi na kugeuka.

Ukabaki ubeti wa tatu. Nilimwendea shemeji kijijini, nikamkuta anasuka tenga. Nilimweleza kila kitu. Alisuka mpaka akamaliza safu, kisha akasema gita halina nyuzi. Mkewe, aliyekuwa anaanika muhogo, alisema bila kugeuka kwamba nyuzi zipo, yeye mwenyewe aliziweka katika mkebe wa chai zisiliwe na kutu. Wiki hiyo hiyo shemeji akaja Kivinje.

Tulinasa dukani kwa fundi, shemeji na gita, mimi na sauti. Ubeti huo ulikuwa wa dada kuanzisha na mimi kumalizia, na sasa pande zote zilikuwa zangu. Niliimba upande wangu kwanza. Kisha nikajaribu wake. Nilijaza kifua, nikashusha sauti kadiri nilivyoweza, na nilichokitoa kilikuwa mtoto aliyevaa viatu vya mama yake. Shemeji alitazama ukutani. Nilirudia hadi koo likakauka. Fundi akasema tupumzike, tusikilize tulichonacho hata kama ni kibaya.

Akabonyeza. Betri ilikuwa imechoka bila sisi kujua. Magurudumu yalizunguka polepole kuliko kawaida, na sauti yangu ikatoka imeshuka, imepanuka, imetulia.

Ukinisikia kimya, usidhani nimelala.

Alikuwa dada. Sisemi alifanana naye. Shemeji aliinuka ghafla, kiti kikaanguka nyuma yake, akatoka nje na kusimama barabarani juani. Mimi nilibaki nimeshika ukingo wa meza. Nilijua ni mimi. Dakika chache zilizopita nilikuwa nimeimba maneno yale kwa koo hili linaloniuma. Na bado nilitaka kumwitikia.

Fundi alizima taratibu. Aliniambia sababu ni betri na kwamba jambo hilo linaweza kufanywa kwa makusudi, akiunga waya mmoja wa kupunguza mwendo wa mashine. Akaniuliza kama nataka.

Nilipanda lori la chumvi hadi kijijini kwa mama, nikamweleza. Nilidhani atakataza. Alifunga kanga yake, tukaenda pamoja kwa maalim, kumwuliza kama ni halali kusikiliza sauti ya aliyetangulia mbele ya haki. Maalim alitaka kujua wimbo unasema nini. Nilipomtajia, alikaa akiuwaza, akasema hakuuona ubaya ndani yake, tumwombee dua na tusifanye kitu kile kuwa kaburi la pili. Njiani tukirudi, mama aliniambia neno moja tu.

"Useme ni wewe. Pale penye wewe, useme ni wewe."

Nikamwahidi. Nikarudi Kivinje na kumwambia fundi aunge waya.

Ubeti mpya ulikuwa na kasoro nyingine: haukukaa na wimbo. Ule wa zamani ulikuwa na sauti ya darasa, saruji na bati, huku huu wa dukani ukiwa mkavu kama mtu anayenong'ona sikioni. Ukiusikia ulijua umeingia nyumba nyingine. Fundi alinipeleka uani na kufunua birika la zamani la kuvunia maji ya mvua. Lilikuwa limepasuka na kukauka tangu siku nyingi, kuta zake za chokaa, giza mpaka chini. Tuliteremsha spika kwa kamba, tukaning'iniza kipaza sauti mdomoni mwa birika, akacheza ubeti wangu humo ndani na kuunasa ulivyokuwa ukipanda. Mwangwi ulikuwa mrefu mno. Tukatupa magunia chini, ukapungua. Tukaongeza mkeka. Nilishika kifundo, nikachanganya sauti kavu na ile ya birika, kidogo kidogo, mpaka wimbo ukapita kutoka ubeti wa pili hadi wa tatu bila kujikwaa.

Jirani yake fundi, mwanamke aliyewahi kukaa Tingi na kucheza katika harusi ya dada, alikuwa kisimani upande wa pili wa ukuta. Aliposikia sauti ile, aliacha ndoo yake palepale. Baadaye alikuja ofisini akiwa amejifunika vizuri, akakataa kuketi.

"Mwanangu," akasema, "dada yako amepitia wapi?"

Nilimshika mkono nikamweleza habari ya mashine, betri na birika. Aliitikia kwa kichwa kila nilichosema. Hakupita tena njia ya nyuma ya nyumba ile.

Kazi ya mwisho fundi aliifanya pamoja nami: kuutoa wimbo mzima kwenye tepu safi, sauti zake zote zikiwa katika kimo kimoja, pasiwepo mahali pa kumshtua msikilizaji wala pa kumfanya ainamie spika. Tulijaribu kuikata ile sauti inayotangulia. Wembe ulikuwa mkononi mwangu, na nilikuwa nimeshapaweka alama. Nikaona kwamba nikiikata naukata pia ukimya uliokuwemo darasani kabla hatujaimba, sote tumesimama, yeye mlangoni. Nikaiacha.

Niliipeleka kijijini Ijumaa, pamoja na mashine, baada ya swala. Ndani ya chumba cha mama walikuwepo mama, shemeji na mkewe, na mtoto, ambaye sasa alikuwa amekwisha kuanza shule. Niliwaambia wazi kwamba beti mbili za kwanza ni za marehemu na ule wa mwisho ni wangu, nimeuimba kwa namna yake. Nilimwambia mtoto peke yake pia, nikiwa nimechutama mbele yake. Akaniitikia, "Ndiyo, mama mdogo," kwa heshima, macho yake yakiwa kwenye magurudumu.

Ikaanza. Kile kivuli kikapita, na mama akainua mkono, kama mtu aliyesikia hodi. Kisha dada akaimba, karibu, ndani ya chumba kile, kwa mara ya kwanza bila kurudishwa nyuma na mtu yeyote. Shemeji alivumilia hadi mwisho wa ubeti wa kwanza, akatoka. Tulimwona kupitia dirishani akikata miwa ambayo haikuwa imekomaa. Mkewe hakumfuata. Alikuwa amempakata mtoto, kidevu chake juu ya kichwa cha mtoto, na machozi yalimtoka kwa ajili ya mwanamke asiyemjua.

Ilipokwisha nilimwuliza mama kama anataka tena.

"Wimbo ninaujua," akasema. "Nirudishie pale anapovuta pumzi."

Nikarudisha. Akasikiliza ile pumzi fupi kabla ya ubeti wa pili. Akaomba tena. Nilimrudishia mara nyingi, nyuma na mbele, mpaka tepu ikaanza kulia, na kila mara mama alivuta pumzi pamoja naye.

Mtoto alisubiri kwa adabu. Zamu yake ilipofika, aliomba ubeti wa mwisho.

"Ule ndio mzuri," akasema. "Pale mama yuko karibu kabisa."

Nilifungua kinywa ili nitimize ahadi, nikamwambia tena kwamba pale ni mimi. Alitikisa kichwa kwa upole, kama anayemsahihisha mtu mzima, akaegemeza shavu kwenye spika. Nilimtazama mama. Mama alikuwa anatazama mikono yake.

Kwa miaka iliyofuata, kila nilipokwenda, ubeti ule ndio aliotaka mtoto. Nilikuwa naubonyeza na kukaa mbali na mashine, na kusikia koo langu likimlaza mtoto wa dada yangu kwa jina lisilo langu. Wakati mwingine sikujua tena ni sauti ya nani. Nilizicheza beti mbili za kwanza peke yangu ili nijikumbushe sauti yake halisi, na zilianza kunijia kama zimeimbwa na mtu anayeniiga. Nikaacha kuzisikiliza kwa muda mrefu. Shemeji naye alishusha gita, akawa anapiga barazani jioni, nyimbo nyingine, huo wa mpunga kamwe.

Fundi alihamia kwa mwanawe Dar es Salaam na kuniachia kisanduku chake. Nilikitumia kunasa vikundi vya kina mama, Kilwa na baadaye Lindi, na nikapata jina la mtu anayejua kupanga sauti. Mama alifariki salama, akazikwa kijiji kipya, ingawa aliomba azikwe kule mahame. Barabara ya kwenda huko ilikuwa imefungwa na miti.

Mtoto alipokaribia kuolewa nilisafiri kusaidia shughuli. Tulikuwa jikoni, yeye anapepeta mchele, mimi nachambua dagaa, na nikaona ni haki nimwambie kwa mara ya mwisho, sasa akiwa mtu mzima. Nikamwambia kwamba katika ubeti ule wa mwisho mama yake hayumo.

"Mama mdogo, nilijua," akasema. "Mama alinieleza nikiwa darasa la pili, akarudia kunieleza mpaka nikaelewa." Aliyemwita mama alikuwa ni yule wa Milola. "Lakini nilikuwa nimeshamzoea yule wa kwenye tepu."

Akapuliza makapi, akaendelea kupepeta.